Kozi wa Kwenye Simu, Nyuki wa Shambani

Barabara ya lami inayoanzia Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, hupita Arua, ikapita Koboko, ikafika Oraba baada ya kilomita 92, na hapo ardhi ya Uganda inakwisha. Ng'ambo ni Kaya, Sudan Kusini. Malori ya Yei na Juba hupanga foleni hapa, na penye foleni pana simu. Dereva anayengoja karatasi zake zigongwe mhuri, mama wa chapati, kijana wa boda, mbadilisha fedha mwenye noti za nchi tatu mfukoni: kila mmoja ana kioo chake mkononi. Wanatazama mpira, mahubiri, vichekesho vya Nigeria. Akitaka, yeyote kati yao anaweza pia kumtazama kozi akiatamia mayai juu ya mnara wa mji wa mbali, sekunde ileile ndege huyo anapogeuza shingo.

Kozi ninayemsema ni yule mkubwa, mwenye mgongo wa rangi ya wingu la mvua na masharubu meusi mashavuni, ambaye wanasayansi humwita Falco peregrinus. Anaishi katika kila bara isipokuwa Antaktika. Akijiachia kutoka juu kumfuata njiwa huzidi kilomita 300 kwa saa, na hakuna mnyama mwingine anayejulikana kumpita kasi. Uganda tunao wa aina mbili: wenyeji wanaokaa mwaka mzima, na wageni wanaoshuka kutoka kaskazini ya mbali ya Ulaya na Asia wakati huko kumeganda barafu. Hajengi kiota. Hukwaruza changarawe kwenye ukingo wa mwamba mrefu, akafanya kishimo, akataga humo mayai matatu au manne, basi. Milima ya mawe kama Liru wa Koboko na Eti, ambako simulizi za Walugbara zinasema mashujaa wa mwanzo, Jaki na Dribidu, walimalizia maisha yao, ni nyumba za aina anayoipenda. Mjini, ghorofa ndefu kwake ni mwamba tu. Ndiyo maana watu wa miji mikubwa humwekea sanduku la changarawe juu ya paa, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kumwekea na kamera.

Kamera hizo hazina mhariri. Saa nzima inaweza kupita na usione kitu ila mgongo wa ndege na upepo ukimpeperusha manyoya. Kisha dume anatua na njiwa aliyekwisha kunyonyolewa, jike anainuka, anampokonya, dume anakaa juu ya mayai kwa zamu yake akiwa na sura ya mtu asiyejua kubembeleza aliyeachiwa mtoto. Mtazamaji anajifunza kusubiri. Katika mtandao uliojengwa ili tusikae na jambo moja kwa zaidi ya nusu dakika, huo ni uasi mdogo.

Jozi mojawapo iliyopata mashabiki wengi ilikuwa Annie na Grinnell, walioanza kuzaliana juu ya mnara wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2017. Kamera ziliwekwa 2019. Mwishoni mwa Oktoba 2021 Grinnell aliumizwa vibaya katika ugomvi na kozi wengine waliotaka mnara wake, akatibiwa, akaachiwa, akarudi kwa mkewe. Mwanzoni mwa 2022 ikawa zamu ya Annie kutoweka. Siku zikapita, watu wakaanza kumhesabu kuwa amekufa, naye akarudi kama aliyekwenda sokoni. Tarehe 31 Machi mwaka huohuo Grinnell akaokotwa amekufa mjini, inaelekea amegongwa na gari. Mayai yalikuwa bado kiotani. Kilichofuata kiliwashangaza hata wataalamu: saa chache tu baadaye dume mgeni, ambaye watu walimpa jina la Alden, alifika, akaanza kumletea Annie chakula na kuatamia mayai yasiyo yake. Vifaranga vikatoka.

Najua mtu wa Oraba atasema nini hapo. Atasema kwamba huku binadamu akigongwa na lori la mizigo habari haivuki soko, na huko kwa wenzetu ndege analiliwa na maelfu. Ana haki yake ya kusema hivyo. Ana haki pia ya kulalamikia bando, maana picha ya mubashara hula data kama moto wa kiangazi, na Uganda data hukatwa kodi: mwaka 2018 ilianza ile ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii, Julai 2021 ikaondolewa na pahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kumtazama kozi kutwa nzima ni anasa. Hata hivyo sitaki kuiita upuuzi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba macho mengi yakikusanywa huwa chombo cha kazi. Mwaka 2020, Uingereza ilipofungiwa ndani na korona, watafiti waliwaomba watu wa kujitolea wakae mbele ya kamera za viota vya kozi katika miji mbalimbali, waandike kila ndege aliyeletwa kuliwa. Mitaa ilikuwa mitupu, hakuna wa kumwaga makombo ya chipsi, njiwa wakahama au wakapungua. London, fungu la njiwa katika mlo wa kozi lilishuka kwa karibu asilimia 15, na kozi wakageukia kwezi na kasuku. Hakuna mtafiti mmoja ambaye angeweza kupanda minara yote hiyo. Leslie Brown, afisa kilimo wa zama za ukoloni Kenya, aliwatazama tai wa kilima kimoja huko Embu tangu mwisho wa miaka ya 1940, mwaka hadi mwaka, kwa darubini na daftari, na vitabu alivyotoa humo bado vinasomwa. Alikuwa mtu mmoja na kilima kimoja. Sasa macho yamekuwa maelfu, na baadhi yake yamelala kitandani.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kozi huyu wa kutazamwa alikuwa karibu aishe, na jinsi alivyoponyoka ni jambo ambalo wakulima wa simsim wa Arua na Koboko wanapaswa kulijua kuliko mashabiki wa Berkeley.

Lilianza na wafuga njiwa wa Uingereza. Mwaka 1960 hivi walilalamika serikalini kwamba kozi wamezidi, wanamaliza njiwa wao wa mashindano, sheria ya kuwalinda ifutwe. Serikali ikataka hesabu kwanza. Mtaalamu aliyepewa kazi, Derek Ratcliffe, alizunguka miamba ya nchi akakuta kinyume cha malalamiko: kufikia 1963 chini ya nusu ya makazi ya zamani ya kozi yalikuwa na ndege. Kiota baada ya kiota mayai yalivunjika chini ya mama zao. Ratcliffe akakumbuka kwamba Waingereza wengi walikuwa na ugonjwa wa kukusanya mayai ya ndege na kuyapanga kwenye makabati. Akayaendea makabati hayo, akapima ukubwa na uzito wa maganda ya miaka ya nyuma na ya karibuni. Kuanzia mwaka 1947 ganda lilikuwa limekuwa jembamba ghafla. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1967.

Ni miaka ileile DDT ilipotoka jeshini ikaingia mashambani. Mdudu alipuliziwa kidogo, ndege mdogo akala wadudu wengi, kozi akala ndege wengi, na kila ngazi sumu ikazidi kujilimbikiza kwenye mafuta ya mwili, hadi ikafika pahali inapozuia chokaa kuingia kwenye ganda la yai. DDT haikumwangusha kozi akafa mbele ya mtu. Aliendelea kuruka, kuwinda, kutaga na kuatamia, ila kizazi hakikuja. Wazee wa pwani husema kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda, kwa sababu ya kiburi chake cha kuchagua. Safari hii hakuna alichochagua. Mashariki ya Marekani, kufikia katikati ya miaka ya 1960, hakubaki hata jozi moja inayozaa.

Mwandishi Rachel Carson alikuwa amekwisha kuandika juu ya dawa hizo mwaka 1962. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani 1972. Tom Cade wa Chuo Kikuu cha Cornell, mtu aliyependa kuwinda kwa kozi, alianzisha mwaka 1970 shirika la kuwazalisha vizuizini na kuwaachia, na Agosti 1999 kozi aliondolewa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini. Annie wa Berkeley alikuwa mtoto wa ukombozi huo. Yasingepimwa yale maganda ya kwenye kabati, kamera isingekuwa na cha kuonyesha.

Mambo ya ng'ambo? Hata kidogo. Aprili 2008 serikali ya Uganda ilianza kupuliza DDT ndani ya nyumba katika wilaya za Apac na Oyam, nchi ya Walango, upande wa pili wa Nile kutoka kwetu West Nile. Shabaha ilikuwa mbu wa malaria, na Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuunga mkono njia hiyo mwaka 2006. Sitamdharau mzazi aliyezika mtoto kwa malaria akaomba dawa yoyote ile. Lakini nyumba ya mkulima wa Lango ndiyo ghala yake, na wilaya hizo zilikuwa na maelfu ya wakulima wa pamba na simsim ya kilimo hai. Wanunuzi wa nje walisita, mazao yakakosa soko, kesi ikaenda Mahakama Kuu, na upulizaji ukasimamishwa mwaka huohuo. Somo ambalo wengi walilichukua ni la soko. La ganda la yai halikutajwa sana.

Turudi angani kidogo, maana kuna jamii nyingine ya kozi, wadogo, ambao hawali njiwa. Wanakula wadudu. Kozi wa Amur huzaliwa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, hupita India, huvuka Bahari ya Hindi bila kutua, huingia Afrika Mashariki wakati mvua za mwisho wa mwaka zinapofumua kumbikumbi, kisha huendelea kusini. Mwaka 2012 dunia iligundua kwamba huko Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, wanakijiji walikuwa wakiwatega kwa nyavu za samaki kando ya bwawa la Doyang, zaidi ya laki moja katika msimu mmoja. Makanisa, wazee na serikali walikaa pamoja. Msimu wa 2013 hakunaswa hata mmoja. Novemba mwaka huo wataalamu waliwafunga baadhi yao vifaa vya setilaiti na kuwapa majina ya huko: Naga, Wokha, na Pangti, jina la kijiji kilichokuwa kinara wa kutega. Watu wa Pangti wakaanza kumfuata ndege mwenye jina lao kwenye intaneti, nukta inayosogea juu ya bahari hadi Afrika. Mimi kisa hicho hunigusa kuliko cha Berkeley. Hawa hawakuwa watazamaji tu, walikuwa ndio wenye nyavu.

Ndege hao wakifika kwetu wanakuta nini? Mwaka 2024, mwezi Januari, kundi la watafiti lililoongozwa na Phil Shaw na Darcy Ogada lilitoa hesabu ya ndege walao nyama wa Afrika, aina 42, wakilinganisha idadi zilizoonekana barabarani miongo iliyopita na za karibuni. Aina 37 zimepungua. Nje ya mbuga na hifadhi upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kuliko ndani, na sehemu kubwa ya Arua na Koboko, tunajua, si hifadhi. Ni mashamba, vichaka na watu. Na wadudu wenyewe? Ujerumani, ambako kundi la wapenda wadudu wa mji wa Krefeld waliweka mitego ileile kwa miaka 27, uzito wa wadudu warukao katika maeneo yaliyolindwa ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75. Hesabu hiyo ilitoka 2017. Huku hatuna mitego ya miaka 27. Tuna kumbukumbu za warina asali, na kumbukumbu hizo hakuna anayeziandika.

Na wadudu si chakula cha ndege tu. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la bayoanuwai lilitoa taarifa kuhusu wachavushaji: nyuki, nzi, vipepeo, mbawakavu, popo, chozi na wengine wabebao chavua kutoka ua hadi ua. Robo tatu ya aina za mazao ya chakula duniani huwategemea kwa kiasi fulani. Lakini ukipima kwa uzito wa chakula kinachovunwa, ni karibu theluthi moja tu, na tofauti hiyo ndiyo inayotupumbaza. Tazama sahani ya West Nile. Enyasa, yaani ugali wetu, ni ya muhogo, na muhogo hupandwa kwa vijiti. Mtama na mahindi huchavushwa na upepo. Karanga hujichavusha yenyewe ndani ya ua lake. Nyuki wote wakifa leo, ghala ya mwaka ujao bado itajaa, na mwenye ghala atasema mbona hakuna kilichopungua.

Kitakachopungua ni vilivyo pembeni ya enyasa. Boga na tikiti havishiki tunda bila nyuki. Pesheni inamtaka bumbi, yule nyuki mweusi mnene anayetoboa mbao za paa, tunayemfukuza kwa moshi. Embe inahitaji nzi na nyuki. Simsim inaweza kujichavusha, ila ikitembelewa na nyuki hujaza vitumba vizuri zaidi. Kahawa ya nyanda za juu za Zombo na Nebbi vilevile: yaweza kuzaa peke yake, lakini penye nyuki huzaa zaidi, na utafiti uliofanywa katika mashamba ya kahawa ya Uganda ya kati umeonyesha kwamba nyuki wa porini wasio na mizinga wana sehemu kubwa katika kazi hiyo. Kwa maneno mengine, nyuki ndiye anayeleta mchuzi, tunda la mtoto, na fedha ya ada. Njaa inayoletwa na kutokuwepo kwake ni ile isiyoonekana kwa macho, ya tumbo lililoshiba na damu iliyopungua.

Anayetaka kujua kazi ya nyuki ina thamani gani na amwendee mkulima wa vanila wa Mukono au Bundibugyo. Vanila ni mgeni kutoka Meksiko. Wachavushaji wake walibaki huko. Kwa hiyo kila ua, moja moja, hufunguliwa kwa kijiti na vidole, asubuhi lilipochanua, kwa sababu kesho litakuwa limenyauka. Ujanja huo uligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Ukitembea katika shamba la vanila msimu wa maua unaona kilimo kisicho na nyuki kinavyokuwa: migongo iliyoinama. Fikiria ekari mbili za simsim za Koboko zikichavushwa hivyo.

Mti wa shea ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Huota wenyewe katika ukanda wetu huu, kutoka Sudan Kusini hadi Acholi, Lango na West Nile, na mafuta yake ni mali ya wanawake tangu kuokota hadi kukamua. Huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa. Maua yake hutegemea nyuki, na nyuki hutegemea maua yake, kwa kuwa huchanua kiangazi, wakati mengine mengi hayapo. Kata shea, umekata shamba na mzinga kwa shoka moja. Nayo imekatwa. Kwa miongo mingi tumbaku ilikaushwa kwa kuni za wilaya hizi. Julai 2016 vita viliporudi Sudan Kusini, watu wa Yei, Morobo na Kaya walivuka hapahapa Oraba na sehemu nyingine za mpaka. Kambi ya Bidi Bidi, Yumbe, ilifunguliwa Agosti, na katika miezi michache ikawa na watu zaidi ya 250,000. Mkimbizi lazima apike, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu kwa kuni. Wanaostahili lawama ni wenye malori ya magogo ya mti uitwao beyo na magunia ya makaa yanayokwenda mbali, kwa watu wasiolala na njaa. Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku kwa amri biashara ya makaa kaskazini mwa nchi. Amri ni nzuri. Gunia bado lina bei.

Kisha kuna chupa. Kiwavi jeshi vamizi alithibitishwa Uganda mwaka 2017, na mkulima aliyekuwa hajawahi kupuliza mahindi akajifunza kupuliza. Pampu ya mgongoni ikaingia kijijini kama ilivyoingia baiskeli zamani. Dukani Koboko au Arua mjini, kopo huulizwa kwa rangi yake na kwa picha ya mdudu aliyechorwa, mara chache kwa kilichomo. Baadhi ya dawa hizo, zile za jamii ya neonikotinoidi kama imidaklopridi, hazikai juu ya jani. Hupanda na maji ya mmea hadi kwenye chavua na asali ya ua. Mwaka 2012 wanasayansi wa Ufaransa waliwabandika nyuki vifaa vidogo vya redio mgongoni, wakawapa kiasi kidogo cha dawa ya jamii hiyo, kiasi kisichoua, wakawaachia mbali na mzinga. Wengi hawakurudi nyumbani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa tatu za aina hiyo nje ya nyumba za vioo mwaka 2018, lakini viwanda vya hukohuko viliendelea kuziuza ng'ambo.

Nyuki aliyepotea njia na yai linalovunjika chini ya mama ni jambo moja. Hakuna maiti. Hakuna wa kumpigia simu mkubwa wa wilaya. Mrina asali anakuta mzinga mwepesi na kusema labda wamehama, na labda kweli wamehama.

Habari njema ipo, na sipendi kuificha. Utitiri aitwaye varoa, aliyeangamiza mizinga ya Ulaya na Amerika, alipatikana Kenya na Tanzania mwaka 2009, na wengi tulitegemea msiba. Nyuki wetu wamestahimili. Ni wakali, wepesi wa kuhama na kujigawa, na kwa kuwa mfugaji wa Afrika haweki dawa mzingani kila mwezi, wamebaki na nguvu zao. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kilifungua mwaka 2014 maabara ya afya ya nyuki inayohudumia bara zima. Asali ya Uganda iliruhusiwa kuuzwa Ulaya tangu 2005, na ya West Nile ina jina Kampala; muuzaji hasahau kutaja inakotoka. Tuna mtaji ambao wenzetu wameupoteza. Kwa hiyo kinachotakiwa hapa si kuokoa kilichokufa, ni kutomuua aliye hai, na hiyo ni kazi rahisi kuliko ile ya Tom Cade.

Zipo kamera za nyuki pia. Moja hurusha picha za mlango wa mzinga kutoka Waal, Bavaria, mchana kutwa. Watazamaji wake ni wachache wakilinganishwa na wa kozi, na sishangai: nyuki hana uso, hana jina, hagombani na mkewe. Kama kungekuwa na kamera juu ya Eti nami ningeitazama, bando likiruhusu. Ila kozi hakuokolewa na watazamaji. Watazamaji walikuja baadaye, kufurahia. Aliokolewa na watu waliopima maganda na waliokubali kuacha kupuliza, kama vile kozi wa Amur alivyookolewa na wenye nyavu waliozikunja. Huku kwetu wenye nyavu ni sisi wenye pampu na mapanga.

Kwa hiyo, ndugu mkulima wa Koboko, Maracha au Arua: kabla ya kununua kopo, mwambie muuza duka akusomee jina la dawa iliyomo, si jina la kopo, na kama kuna imidaklopridi usiipeleke kwenye zao lililo na maua. Usipulize asubuhi wakati simsim imefungua. Ngoja jua lichwe, nyuki wakiwa wamelala. Mrina, acha moto wa nyasi unaoteketeza kundi zima kwa ajili ya ndoo moja. Tumia moshi, na acha sega la watoto. Shea iliyoota shambani ilimie kando yake. Na siku moja kabla ya kupuliza, pita kwa jirani mwenye mizinga umwambie, apate kuiziba jioni ya kupuliza na kuifungua kesho yake.